Watoto Wadogo Nao Wanajitolea: Namna ya Kuutambua Mchango Wao Kampala

Jumamosi asubuhi Kampala, iwe Kawempe au Makindye, si ajabu kukuta watoto waliovaa skafu za skauti wakifagia uwanja wa shule na kuokota chupa za plastiki. Wa sekondari ndio wanaoonekana kwanza, maana ndio walioshika reki na toroli. Lakini wadogo nao wamo, wa miaka sita, saba, minane, wanakokota gunia wawili wawili. Kazi ikiisha, mgeni rasmi anawashukuru vijana, vyeti vinagawiwa kwa wakubwa, na wadogo wanapewa soda na kusindikizwa kwenye takisi. Jina la mdogo hata mmoja haliandikwi popote.

Makala haya ni kwa walezi wa vikundi: viongozi wa skauti na Girl Guides, walimu wa shule ya Jumapili na wa madrasa, walimu wa klabu za shule, na wazazi wanaowaruhusu watoto wao waende. Neno langu kwao ni hili: mtoto mdogo ametambuliwa pale anapojua kazi yake imemfaa nani, na watu anaowapenda nao wakajua. Cheti na beji ni vitu vizuri, ila vije nyuma ya hilo.

Ngazi inayoanzia miaka 14

Tuzo ya kimataifa inayojulikana sana kwa vijana wa Uganda, ile iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1956 kwa jina la Duke of Edinburgh, inapokea wenye miaka 14 hadi 24. Shaba inaanzia miaka 14, Fedha 15, Dhahabu 16, na kujitolea ni sehemu ya lazima katika kila ngazi. Wakenya wanayo tangu 1966, na kwao inaitwa Tuzo ya Rais. Kwa hiyo mtoto wa miaka saba ana miaka saba mingine ya kungoja kabla saa zake hazijaanza kuhesabiwa.

Si kwamba vikundi vimewafungia wadogo mlango. Skauti ilifika Uganda mwaka 1915, na mwaka uliofuata mwanzilishi wa skauti, Baden-Powell, alizindua kundi la kabu, yaani skauti wadogo, huko Uingereza, kwa sababu wadogo walikuwa wakiwafuata kaka zao kwenye mikutano na kutaka nao waingie. Girl Guides wana Brownies wa umri huohuo. Kenya, skauti wadogo wanaitwa Sungura. Wasabato wana Adventurers kwa watoto wa miaka minne hadi tisa, kabla hawajaingia Pathfinder. Na tangu 2007 kambi ya likizo ya Ekisaakaate, iliyo chini ya malkia wa Buganda, Nnabagereka Sylvia Nagginda, inawafunza watoto wa msingi na sekondari adabu, utamaduni na kazi za mikono. Watoto wamejaa kwenye programu zetu. Kumbukumbu za walichofanya ndizo adimu.

Marekani waliwahi kuweka kipimo cha wadogo. Katika tuzo ya rais ya kujitolea iliyoanzishwa mwaka 2003, mtoto wa miaka 5 hadi 10 alihitaji saa 26 kwa mwaka ili apate shaba. Gawanya saa 26 kwa wiki 52, unapata nusu saa kwa wiki. Sisemi tuige tuzo yao, lakini nusu saa ni kipimo cha kukumbuka kila unapopanga kazi ya watoto. Inatosha kwa jambo la maana kufanyika, na haimli mtoto muda wake wa kucheza.

Kazi gani ihesabiwe

Buganda ina bulungi bwansi, kazi ya pamoja kwa faida ya wote: kufyeka njia, kuzibua mitaro, kusafisha visima. Ngoma ya Saagala agalamidde ilipolia, watu walitoka majumbani, na watoto wakafuatana na wazazi wao. Hadi leo Oktoba 8, Siku ya Serikali ya Buganda, ni siku ya bulungi bwansi. Mtoto anayekulia Kampala basi hahitaji somo refu la kumweleza kwamba usafi wa mtaa ni wa kila mtu. Anayehitaji kuwa makini ni mlezi, apambanue kujitolea na mambo mengine yanayofanana nako.

Kufagia nyumbani kwao si kujitolea. Huo ni wajibu wa nyumbani, na wa kumshukuru ni mzazi wake. Kufyeka nyasi za shule kwa sababu alichelewa si kujitolea, ni adhabu. Hili la adhabu nalisisitiza kwa sababu lina madhara makubwa kuliko linavyoonekana. Jumatatu mwalimu anampa mtoto fagio kwa kosa, Jumamosi mwalimu yuleyule anampa fagio lilelile na kuliita moyo wa kujitolea. Mtoto wa miaka saba atajuaje tofauti? Atakachojifunza ni kwamba kufagia kwa ajili ya wengine ni jambo la waliokosea. Kundi linalotaka kazi yake iheshimike lisiitumie kama adhabu kabisa.

Inayobaki ni kazi aliyoikubali mwenyewe, inayomfaa mtu wa nje ya nyumba yao, na inayolingana na mwili wake. Kujaza maji kibuyu chirizi kilicho nje ya choo cha shule. Kumwagilia miche. Kuwasomea hadithi walio nyuma yake madarasa mawili. Kupanga viatu mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa, au kuwaonyesha wageni viti kanisani. Kumpelekea jajja, yaani bibi au babu wa jirani, maji kwa dumu la lita tatu, akiwa na mwenzake na mtu mzima. Kuchora kadi za watoto waliolazwa. Kazi hizi ni ndogo machoni mwa mtu mzima, lakini jajja aliyepata maji haoni kama ni ndogo.

Kukubali mwenyewe maana yake ni kwamba angeweza kukataa. Mpe vitu viwili achague: leo tunamwagilia miche na tunachora kadi, wewe unataka kipi? Akisema leo anataka kucheza tu, acheze, na asitangaziwe mbele ya wenzake.

Mipaka

Kuna vifungu viwili vyenye namba ileile ambavyo ningependa kila mlezi avisome pamoja. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, kinampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto kinampa mtoto wajibu wa kuitumikia jamii yake, kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Atumike, na acheze. Programu inayokumbuka kimoja na kusahau kingine imepotoka.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inakataza mtoto wa chini ya miaka 12 kuajiriwa katika biashara au mahali popote pa kazi. Ni kweli kwamba anayejitolea hajaajiriwa. Lakini jiulize: mtoto huyu asingekuwepo, tungemlipa mtu mzima aifanye kazi hii? Kama jibu ni ndiyo, basi tunaokoa gharama kwa mgongo wa mtoto. Kubeba matofali ya ukumbi wa kanisa, kuosha vyombo vya sherehe ya mfadhili, kuuza tiketi mlangoni, hizo ni kazi za kulipiwa, na wako watu wazima wanaozitafuta.

Kuhusu taka niseme wazi zaidi, kwa kuwa usafi ndio kazi inayopendwa na vikundi vingi. Agosti 10, 2024 dampo la Kiteezi liliporomoka na kuua makumi ya watu. Mtoto wa kundi lako haendi dampo. Haingii mtaroni, uwe mfereji wa Nakivubo au ule mdogo wa nyuma ya nyumba, wala hakaribii moto wa taka. Hashiki sindano, kioo kilichovunjika, wala mfuko uliofungwa asijue kilichomo. Anaokota plastiki na karatasi ndani ya uzio, akiwa na glavu za kiasi chake, kisha ananawa kwa sabuni. Glavu za mtu mzima zinamvuka mkononi, na mtoto huzivua mara tu mlezi anapogeuka.

Barabarani pia hapana. Sheria ndogo ya Kampala ya kulinda watoto ya mwaka 2019 iliwalenga wanaowatumia watoto kuomba na kuchuuza mitaani, hata ikafanya kuwa kosa kumpa fedha mtoto anayeomba. Kumsimamisha kabu na kopo la mchango kwenye foleni ya Jinja Road ni kumtia katika hatari ileile, hata kama fedha zote zinakwenda hospitali. Mtoto anayetaka kusaidia wagonjwa aende na wazazi wake kwenye Rotary Cancer Run, mbio zilizoanza mwaka 2012 kuchangia matibabu ya saratani katika hospitali ya Nsambya, akimbie nao.

Wakati wote wawepo watu wazima wawili. Mtoto asiachwe na mtu mzima mmoja faraghani, awe padri, sheikh, mwalimu au mfadhili. Mzazi au mlezi akiona dalili mbaya, simu ya watoto ya Sauti ni 116, na haitozwi.

Daftari

Huna haja ya kompyuta. Nunua daftari la kurasa 96, lile la bei ya chini, na umpe kila mtoto kurasa zake. Andika tarehe, kazi, dakika, na aliyefaidika. Kisha acha mstari mmoja wa maneno ya mtoto mwenyewe, uyaandike jinsi alivyoyasema bila kuyasahihisha. Ukurasa wa mtoto wa darasa la tatu unaweza kusomeka hivi: Jumamosi, dakika 25. Amewasomea watoto wanne wa chekechea. Amesema: “Mmoja alitaka nirudie pale simba anaanguka kisimani, nikarudia mara tatu.”

Mstari huo wa mwisho ndio wenye thamani kuliko yote. Mlezi akiusoma baada ya miezi mitatu anajua mtoto huyu ana subira na wadogo, na kwamba safari ijayo asimpe reki, ampe kitabu. Mzazi akiusoma anamwona mtoto wake kwa jicho jingine.

Dakika zihesabiwe kwa uaminifu. Njiani, chakula, kungoja mgeni rasmi aliyechelewa na kucheza havihesabiwi. Watoto 12 wakifanya kazi dakika 40, kundi zima limefanya saa 8, lakini kila mtoto amefanya dakika 40. Vikundi vingine, kwa kutaka kumfurahisha mfadhili, humwandikia kila mtoto saa 8. Ni uongo, na watoto wanaojua kusoma wanauona. Tukiwafundisha kudanganya kwenye karatasi ya kuwasifu, tumewaharibu kwa jambo tuliloanza kwa nia njema.

Sifa, soda na beji

Mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti uliofanyika kwa watoto wa chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford waliokuwa wakipenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe iwapo wangechora. Wengine walipewa cheti hichohicho bila kutarajia. Wengine hawakupewa kitu. Baadaye watoto walipoachwa wachague mchezo wautakao, walioahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa bila kutarajia hawakupungukiwa hamu. Mwaka 2008 Felix Warneken na Michael Tomasello waliona jambo linalofanana na hilo kwa watoto wa miezi 20: waliopewa kitu kila waliposaidia walipunguza kusaidia zawadi zilipokoma, na waliosifiwa kwa maneno hawakupunguza.

Kwa mlezi wa Kampala maana yake ni kwamba kosa haliko kwenye beji, liko kwenye kuitumia kama chambo. Usisimame mbele ya mstari ukasema, “Wanaotaka beji washike fagio.” Sema miche inakauka na zahanati inategemea kivuli chake. Beji ije siku nyingine, watoto wakiwa hawaitazamii, pamoja na maelezo ya kazi waliyoifanya.

Maneno nayo yawe na kitu ndani yake. “Watoto wazuri sana, wapigieni makofi” yanampita mtoto kama upepo. Mwite kwa jina, umwambie ulichokiona: “Nimekuona ukimsubiri mwenzako aliyeshindwa kubeba gunia, mkalibeba pamoja.” Sifa hiyo haigharimu kitu, na mtoto hataisahau upesi. Usimlinganishe na mwenzake. Ukitangaza mshindi mmoja kati ya watoto 20, umewatambua watoto wangapi?

Chakula kitolewe kwa sababu watoto wana njaa. Kitolewe kwa wote, pamoja na yule aliyecheza tu siku hiyo, na ikiwezekana kabla ya kazi. Fedha ndiyo jambo la kuliangalia zaidi. Watu wazima wa mjini wamezoea kurudishiwa nauli wanapokwenda semina, na mara nyingi kinachorudishwa kinazidi nauli yenyewe. Watoto wanajua. Nauli ya mtoto ya takisi au bodaboda irudishwe kamili bila nyongeza, na akabidhiwe mzazi. Siku nauli itakapogeuka malipo, kujitolea kumekwisha.

Siku ya kuwatambua

Chagua siku yenye maana kwa kundi lako. Skauti na Girl Guides wana Februari 22, siku ya kuzaliwa kwa Baden-Powell. Juni 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika, inayowakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976. Oktoba 8 nimekwisha kuitaja. Desemba 5 ni siku ya kimataifa ya wanaojitolea, ila Kampala inaangukia wakati shule zinafungwa, na baadhi ya watoto huenda wamekwisha kupelekwa kijijini.

Watakaozungumza siku hiyo wawe wale waliofaidika. Mwalike muuguzi wa zahanati yenye miche, mwalimu wa chekechea, jajja wa dumu la lita tatu. Dakika mbili za jajja akisema “weebale nnyo”, asante sana, huku akimwangalia mtoto machoni zina uzito kuliko hotuba ndefu ya mgeni asiyemjua yeyote. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, naye aalikwe. Yeye ndiye anayewaandikia watu wa mtaa barua za utambulisho, kwa hiyo akisimama kwenye mkutano wa kijiji akasoma majina ya watoto waliosafisha kisima, mtaa mzima unasikia. Kisha watoto wenyewe wapewe nafasi waseme, anayetaka, kwa lugha anayoitaka.

Cheti kinachapishwa kwa urahisi Nasser Road, na wachapaji wa pale wana mifano tayari yenye maneno makubwa ya pongezi. Achana na maneno hayo. Andika kilichotendeka: “Kuanzia Februari hadi Aprili alimwagilia miche 14 ya miembe nyuma ya zahanati kila Jumamosi. Miche 11 imeshika.” Muuguzi mkuu atie saini pamoja na mlezi. Miche mitatu iliyokufa isifichwe, maana mtoto anaijua. Jina liandikwe kama mzazi anavyoliandika, yote mawili, la ukoo na la dini, na herufi zake zihakikiwe kabla ya kuchapa. Mtoto aliyekosewa jina kwenye cheti chake ataona amepewa cheti cha mtu mwingine.

Kampala ni nyumbani kwa familia nyingi za Wakongo na Wasomali, hasa Katwe, Nsambya na Kisenyi. Kwa wengi wa Wakongo hao Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani, na Kiingereza cha cheti hakisomeki kwa mama. Andika tafsiri nyuma ya cheti, au mtu amsomee mama kwa sauti. Mtoto mkimbizi aliyeambiwa mbele ya mama yake kwamba amekifaa kisima cha mtaa anapokea jambo kubwa, na mama naye anapokea.

Angalia pia nani hayumo kwenye orodha. Asiye na sare kwa sababu kwao hawakuweza kuinunua asiachwe nyuma ya mstari. Pitia daftari uone kama wasichana ndio wanaofagia wiki zote na wavulana ndio wanaoshika bendera, kisha badilisha zamu. Mtoto asiyeona anaweza kuwa msimulizi bora wa hadithi kuliko wote, lakini hutajua mpaka umpe watoto wa kuwasimulia.

Kuhusu picha, Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya na kutumia taarifa za mtoto. Omba idhini kwa maandishi, mweleze mzazi picha itawekwa wapi, na umuulize mtoto mwenyewe. Akisema hataki, kamera iwekwe chini. Picha inayotumwa kwa wafadhili isiwe na jina lake kamili, shule yake na mtaa wake kwa pamoja. Na usimpige picha akiwa amechafuka ili aonekane wa kuhurumiwa, ilhali ametoka kufanya kazi ya kujivunia.

Januari watoto wengi wa Kampala hubadili shule, na wengine huingia bweni. Kabla hawajaondoka, toa nakala ya kurasa za kila mmoja, mzazi aziweke pamoja na ripoti za muhula. Atakapofika miaka 14 na kujiandikisha kwenye tuzo ya kimataifa, dakika za utotoni hazitahesabiwa, kwani muda unaanza siku ya kujiandikisha. Hata hivyo atakuwa anajua kazi anayoipenda, na kiongozi wake mpya atakuwa na pa kuanzia. Daftari lenyewe libaki na kundi. Mlezi akihama, alikabidhi kwa anayefuata pamoja na ufunguo wa stoo na namba za simu za wazazi.